Jenga, Usiningoje

Nyumbani kwa Mama Alain,
milimani, Ufaransa.

Ndugu yangu Otieno,

Nakusalimu wewe uliyenifukuza mgongoni kwa Mama kabla sijataka kushuka. Habari ya mwili? Habari ya lile bega uliloliumiza ukipakia miwa? Shemeji yangu Mama Atieno ni mzima? Atieno mwenyewe na wadogo zake je? Baba anakula vizuri, au bado anasukuma sahani kando akisema ameshiba kwa kuangalia? Na Mama, ameshapatana na kuku wa jirani? Nauliza yote kwa mkupuo, maana nikiuliza moja moja nitapata mahali pa kupumzika, na leo nikipumzika sitaandika tena.

Mimi mzima. Goti linaniuma baridi ikizidi, lakini mikono ni mizuri, na kazi yangu ni ya mikono. Ng'ambo ya bonde theluji imeisha, majani yameota, mbuzi wanatoka asubuhi na kurudi jioni matiti yakiwa yamejaa. Kwa chakula sina shida. Kwa usingizi ndipo nina shida.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu, tangu Baba Mjaluo alipomleta Mama Mkuria pale Uriri, wakakubaliana kugombana kwa lugha ambayo hakuna kati yao angemshinda mwenzake kwa urahisi. Na naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Nikisikia Baba akikohoa kabla ya kusema "Halo", ulimi wangu unateleza wenyewe. Karatasi haikohoi. Naituma kwa sanduku la posta la kanisa ili ifike mkononi mwako. Isome kwanza peke yako, shambani, kisha uwasomee Baba na wazee. Ndiyo maana nitayarudia mambo unayoyajua kuliko mimi. Nataka yawe yameandikwa, mtu asiseme baadaye kwamba uliyatunga.

Mwezi uliopita ulinipigia simu mvua ikiwa bado inanyesha. Nilisikia maji yakipiga mabati ya jiko la Mama.

"Omera, ndugu yangu, ukuta imeanguka," ukasema. "Side ya kitanda. Ni Mungu tu hatukuwa ndani."

"Pole sana. Si utakandika tena?"

"Nikandike nini? Hiyo nyumba ya ujana, hiyo simba, nimeikandika miaka kumi na moja. Sasa Mama Atieno amefunga nguo yake. Anasema yeye si msichana ya kukaa simba mpaka azeeke. Miwa ikikatwa kama hakuna nyumba, anarudi kwao Lambwe na watoto."

Nikauliza habari ya miwa, mjinga mimi.

"Wachana na miwa. Okoth, niambie ukweli. Unakuja ama hukuji?"

"Disemba," nikasema.

Ukauliza, "Disemba ya mwaka gani?" na simu ikakatika. Nimejiambia mara nyingi kwamba ni mtandao uliokata. Sote wawili tunajua ni kidole chako.

Sasa haya ndiyo ya wazee. Mimi ni wa kwanza, Otieno ananifuata. Kwetu, mdogo hatoki kwenye boma la baba yake kwenda kuanzisha boma lake kabla ya mkubwa kutoka. Akimruka mkubwa, chira itawashika watoto wake, wakonde kwa ugonjwa usio na jina. Sisi ni watu wa kanisa, na Baba ni mzee wa kanisa, lakini chira haimuulizi mtu dhehebu lake. Otieno alipotaka kuoa kabla yangu, Baba alikubali kwa shida, baada ya Mama kukataa kupika siku mbili. Lakini boma, alisema, boma si harusi. Kwa hiyo Otieno amezalia watoto watatu ndani ya simba, nyumba ya kijana asiyeoa, karibu na lango la baba yake. Atieno amekuwa mwanamwali, hawezi kulala chumba kimoja na wazazi wake, analala jikoni kwa bibi yake katikati ya vibuyu. Na kule mteremkoni kuna kiwanja ambacho Otieno alipanda ua wa ojuok, ile minyaa ya kuzungushia boma, akitarajia nitakuja mwaka ule. Ua umekua ukapita kichwa cha mtu. Ndani yake hakuna nyumba. Mama aliniambia watu wa soko wanapaita kanisani kwa mbuzi, kwa sababu mbuzi ndio wanaoingia humo kila asubuhi.

Njia iko moja tu ya mdogo kupita. Mkubwa awe amepotea. Wazee wakikaa wakasema "Okoth olal", Okoth amepotea, basi jogoo, shoka na moto, vitu vya kufungulia boma jipya, vinaweza kumtangulia Otieno kwenye kiwanja chake. Najua kwamba walikaa. Mama aliniambia hilo pia. Mmoja wao akasema, "Huyu kijana ameenda. Tumwachie Otieno atoke." Baba akasimama, akaegemea fimbo, akawauliza, "Mtu imepotea inaweza piga simu kila Jumapili? Kijana yangu alinipigia juzi. Amesema Disemba." Mkutano ukaishia hapo, wakanywa chai.

Otieno, niliposikia hayo nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kwamba Baba amenitetea. Ilinichukua muda mrefu mno kuona nilichokuwa nafanya. Nilidhani simu zangu za Jumapili ni mapenzi. Kila Jumapili nilikuwa naweka boriti kwenye lango lako, na Jumapili inayofuata naongeza nyingine.

Nikueleze nilivyofika kuliona hilo. Itabidi nianzie mbali, na baadhi ya haya sijamwambia mtu yeyote wa kwetu.

Unakumbuka nilivyoondoka. Kanisa zima lilinisindikiza hadi Awendo, viatu vyangu vya kukimbilia vikiombewa kana kwamba ndivyo vitakavyopanda ndege. Mlidhani nimekwenda kukimbia kwenye viwanja vikubwa. Zilikuwa mbio za vijiji, ndugu yangu. Watu mia mbili na mbwa wao, unazunguka mashamba ya mizabibu, unamaliza mbele ya kanisa, meya anakupa mkono. Mbio za pili nilizoshinda nilipewa kapu. Ndani yake mlikuwa na soseji kavu, chupa ya divai na jibini la duara lililoota ukungu wa kijivu. Nililiweka nje ya dirisha kwa sababu ya harufu. Asubuhi nikamwona paka wa jirani akilinusa, akaendelea na safari yake. Nikasema moyoni, hata paka. Sasa ukungu ule ndio unaonilisha.

Msimu wa pili goti lilikataa. Wakala aliyenileta akaniambia nipumzike, kisha simu yake nayo ikapumzika, hadi leo. Kibali kikaisha. Nilikuwa nikiwaambia kwamba najiandaa kwa mbio za masika, na huku nachuma matufaha kwenye mashamba ya watu nisiowajua majina. Mtu mmoja aliyekuwa akiandaa mbio za kijiji alinihurumia, akanileta huku juu kwa mama mmoja mzee, mjane mwenye mbuzi arobaini, aliyekuwa akitafuta mikono. Jina lake Odette.

Kijiji hiki kina nyumba kumi na tisa za mawe. Zinazotoa moshi ni sita. Nyingine zimefungwa, wenyewe wako mjini, wengine makaburini, na milango yake ni mbao nzito ambazo mchwa hajawahi kuzionja. Siku za kwanza nilikuwa nikipita mbele ya nyumba hizo nikikuwaza wewe na kuta zako za udongo, nikajiuliza Mungu anagawa vipi.

Kazi ya jibini yeye ndiye aliyenifundisha. Maziwa ya jioni unayatia matone machache ya dawa ya kugandisha, unayafunika, unayaacha. Asubuhi unayachota kwa upawa, taratibu, tabaka kwa tabaka, unayaweka kwenye vikopo vyenye matundu ili maji yatoke. Mkono wa haraka unayavunja. Nilikuwa na miguu ya haraka maisha yangu yote, na mwanamke huyu akawa ananishika kifundo cha mkono akisema, "Nani anakukimbiza?" Kisha unatia chumvi, unageuza, unapeleka ghala la chini ya nyumba, unageuza tena kesho, na kesho kutwa, mpaka ukungu uje wenyewe. Jumamosi tunashuka sokoni na meza yetu. Wateja wanalibonyeza kwa kidole gumba na kusema neno moja, nao Odette anajua kama ni sifa au matusi.

Majira ya kwanza nilimwaibisha. Alikwenda kwa daktari, akaniachia vyombo nivioshe. Nikaviosha. Halafu nikaona havijakamilika, kwa sababu Mama hajawahi kuweka maziwa kwenye kibuyu ambacho hakukisugua kwa kijiti chenye makaa. Nikachoma kijiti, nikavisugua vyombo vyote ndani mpaka vikanukia moshi, nikasimama pale najipongeza. Jibini la siku ile lilitoka na rangi ya majivu. Odette alinusa, akakimbilia zizini akidhani pameungua. Nilipomweleza alilinusa tena. Lote tukawapa nguruwe wa jirani, ila kipande kimoja, alichokila na viazi jioni ile. "Mwambie mama yako hili ni zuri," akasema, "na wewe usirudie tena." Sikumwambia Mama. Ningeanzaje, wakati mlidhani nipo mazoezini?

Lakini kosa langu kubwa kwa mama huyo lilikuwa lingine, na halikuwa la jikoni. Wewe unajua hatuwezi kumwita mama mtu mzima kwa jina lake tupu kama mtoto mwenzetu. Siku ya kwanza nilimuuliza mzaliwa wake wa kwanza anaitwa nani. Akasema ni Alain, yuko mjini, mbali. Basi nikamwita Mama Alain. Asubuhi Mama Alain, jioni Mama Alain, sokoni mbele ya watu Mama Alain. Nilikuwa namheshimu. Baada ya mwaka mzima, jirani anayetuletea majani makavu ya mbuzi alinivuta kando.

"Kwa nini unamtesa huyu mama?"

"Namtesa vipi?"

"Alain hajakanyaga hapa tangu walipomzika baba yake. Kila ukimwita hivyo, anatazama barabara."

Nilikuwa nimeona kwamba anatazama barabara. Nilidhani anaangalia kama mvua inakuja. Nilikwenda zizini nikiwa na haya, nikamwomba msamaha, nikasema kuanzia leo nitamwita Odette kama wengine.

"Usithubutu," akasema, na hakuacha kukamua. "Kijiji kizima hakuna mwingine anayeniita mama wa mtu."

Huyo Alain hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akipiga simu kila wiki. Nilikuwa nikimsikia mama akicheka naye, akimuuliza kama anakula, na mwisho akisema, "Haya, basi wakati wa majani makavu." Alain alikuwa akisema kila mwaka kwamba atakuja wakati wa kukata majani makavu. Mama anafungua madirisha ya chumba chake, anatandika shuka, majani yanakatwa, yanaingia ghalani, anafunga madirisha. Na jibini la kwanza la kila mwaka, la maziwa ya kwanza mbuzi wakishazaa, analiweka kwenye ubao wa juu kabisa kule ghala la chini. Haliuzwi, haliliwi. Mwaka wa kwanza nililigeuza pamoja na mengine, akanikataza. "Hilo lina mwenyewe."

Mama Alain alifariki mwezi wa pili, mbuzi wakiwa wanazaa. Alianguka zizini, akakaa hospitali siku nne, hakurudi. Nilikuwa nimemnyooshea matandiko yake.

Alain alifika siku ya mazishi. Otieno, hujaona mazishi kama yale. Dakika ishirini, watu wamesimama mikono mbele, hakuna aliyesimulia mama huyu alikuwa nani, hakuna aliyelia kwa sauti. Nilivumilia mpaka jeneza lilipoanza kushuka. Nikalia kama tunavyolia sisi, kwa sauti yote, nikimwita kwa jina nililompa. Padri akasita kusoma. Jirani yule akanishika mkono akidhani goti limeniangusha. Alain akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza anasikia kwamba amefiwa.

Watu walipoondoka aliteremka ghala la chini, nikamfuata na taa. Akaona ubao wa juu.

"Haya ni ya nini?"

"Ni yako."

Yalikuwa saba. Lile la zamani lilikuwa limekauka gumu kama jiwe la kusugulia visigino, na lile jipya alikuwa ameliweka mwaka jana tu. Alain akachukua moja, akatoa kisu mfukoni, akajaribu kulikata. Kisu kikateleza. Akajaribu tena. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mtu mzima mwenye suti, akalia akiwa amelishika.

"Kila mwaka nilimwambia nakuja," akasema. "Sikutaka ahuzunike."

Nilifungua mdomo nimwambie maneno makali. Nilikuwa nayo tayari, nimeyabeba miaka yote niliyomwona mama yule akifunga madirisha. Nikakumbuka Disemba zangu, nikaufunga.

Siku ya tatu aliniambia hatauza mbuzi. Akasema hakuna mwingine aliyebaki anayeujua mkono wa mama yake. Nikikubali kukaa, atasimama nami kutafuta kibali, anipe chumba cha juu, niendeleze jibini kwa jina lilelile. Na hapa ndipo ninapokuungamia, ndugu yangu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kusema. Sikuwaza Uriri, sikuwaza simba yako. Kwa hiyo uliponipigia simu ukuta ukiwa umelala kitandani mwako, nikakujibu "Disemba", nilikuwa nimeshamkubalia mtu mwingine miezi miwili nyuma.

Usinitafutie sababu, maana najua moyo wako utanitafutia. Utasema ni kibali. Ningeweza kurudi bila kibali. Ningeingia kituo chochote cha polisi nikasema sina karatasi, na wao wenyewe wangenipandisha ndege. Mama aliwahi kuniambia, "Rudi tu na hilo goti, sisi si tutakukanda?" Nilikata simu nikalia, na sikurudi. Mwanzoni ilikuwa aibu, kwa sababu ya viatu vilivyoombewa. Baadaye, sijui ni mwaka gani, aibu ilipungua, na kilichobaki ni kwamba hapa kuna kazi ninayoijua, mbuzi wanaojua hatua zangu, na watu wanaolibonyeza jibini langu kwa kidole gumba na kutikisa kichwa. Nilitaka kubaki, nanyi nikawaambia nimekwama. Huo ndio uongo wangu wote.

Unajua Baba anavyolisema neno jadak, yule anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Hulitema kama kokwa. Basi mtoto wake wa kwanza ni jadak. Anakamua mifugo ya watu wengine, analala chini ya paa la watu wengine, na siku akifa hakuna ajuaye atazikwa upande gani wa nyumba, kwa sababu hana nyumba. Imeniuma kuliandika, lakini ni kweli na nimelichagua.

Sehemu hii msomee Baba. Msomee polepole, akiwa amekaa.

Baba, ni mimi Okoth. Nakuamkia. Otieno aliniambia kwamba simba yangu ilianguka paa, ukauacha mlango umesimama na kufuli lake, na kwamba unalipaka mafuta lisishike kutu. Baba, fungua kufuli hilo. Hizo mbao zimfae Otieno kwa jiko. Uliwauliza wazee kama mtu aliyepotea anaweza kupiga simu. Anaweza. Mimi nilipotea nikiwa na simu mkononi, nikawa nakupigia kila Jumapili kukuficha. Hukunilea kuwa mwongo, na hujakosea popote. Unajua unavyotembea siku hizi, na unajua Otieno anahitaji baba wa kumtangulia kwenye kiwanja chake akiwa na jogoo. Ukingoja nije nitoke kwanza, mtangojana mpaka asiwepo wa kumtangulia. Simama mbele ya wazee wale wale, useme mwenyewe kwamba mtoto wako wa kwanza amepotea. Ukilisema wewe, chira haina mlango wa kuingilia. Wasiposikia kutoka kwako hawatalikubali. Nisamehe kwamba nakuomba kazi ngumu hivi, tena kwa karatasi.

Otieno, sasa tuko wawili tena. Mzee hatalikubali siku ya kwanza. Atasema umeiandika wewe, atadai anipigie nithibitishe. Akipiga sitashika. Jumapili hii sitapiga, wala ile inayofuata, wala nyingine, mpaka mtu aniambie kwamba moshi umeonekana ndani ya ule ua. Nikisikia sauti yake nitasema Disemba, najijua. Atakaa na simu magotini, Mama atamwambia mtandao ni mbaya. Utamhurumia. Mhurumie, lakini usimwambie kwamba nitapiga. Ikibidi, mwache anikasirikie, maana mzee akikasirika husema haraka kile alichokuwa akikizuia.

Na wewe ukinikasirikia una haki yako. Miaka kumi na moja si kitu cha kurudisha. Sitakuambia nitarudi mwaka fulani kukusaidia kukandika, wala nitatuma hiki au kile. Miaka na ahadi ndivyo vilivyokuangusha.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie kijiti chake cha makaa kimefika Ufaransa na kimesifiwa. Hatoelewa mpaka umsomee. Mwambie shemeji afungue nguo zake, asiende Lambwe kabla ya kuwasha moto wake mwenyewe kwenye boma lake mwenyewe. Msalimie Atieno. Msalimie shangazi yetu wa Homa Bay anayeuza samaki, yule aliyeniambia nisioe mzungu kwa sababu hawezi kuparua omena. Omena ni dagaa, haziparuliwi, na mpaka leo sijui alikuwa ananitania au alikuwa amechoka. Wasalimie wazee waliokunywa chai siku ile, hasa yule aliyesema ukweli juu yangu akanyamazishwa.

Nimelijaribu neno lenyewe kabla ya kukupa wewe mzigo wa kulisema. Leo asubuhi, nikikamua, nililitamka kwa sauti, "Okoth olal." Mbuzi mmoja akageuka akanitazama, akarudi kwenye majani yake. Halikuniua. Ilinibidi tu kusimama kidogo na ndoo, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri. Basi waambie, ndugu yangu, na wakikuuliza mara ya pili, waambie mara ya pili.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa, na leo nakupisha,

Okoth